Neno la Kwenye Mkataba

Mama Pasi alikuwa na mwaka wa nne akipiga pasi mashuka ya hoteli, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Mlango ulifungwa kwa nje, ati mashuka yasiote miguu. Kila mwaka alisaini mkataba wa Kiingereza bila kuuelewa, maana mwenye shida hachambui karatasi.

Mwaka huu mwenzake wa meza ya pili alizirai. Mama Pasi akaubeba mkataba mpya hadi kwa wifi yake, mwalimu wa Kiingereza, amsomee. Wifi alisoma mbio, kisha akasimama kwenye neno moja, "swelter". Mfanyakazi ameelezwa hali hiyo, karatasi ilisema, na ameikubali.

"Ni joto, wifi. Lile la kummaliza mtu nguvu."

Mama Pasi alisema joto analijua, hurudi nalo nyumbani. Lakini wifi akianza jambo haliachi njiani. Alifungua kamusi yake nene, akaifuata asili ya neno kwa kidole. Zamani sana, akasema hatimaye, mzizi wake ulikuwa na maana ya kufa.

"Kwa hiyo nimeshasaini kufa mara tatu?"

Wifi alicheka, akasema hayo ni ya kale. Mama Pasi hakucheka. Aliogopa, na usiku kucha hofu ilimkaa kifuani.

Asubuhi alimwambia msimamizi kwamba hasaini mpaka mlango uachwe wazi. Akajibiwa kuwa nje wako kumi wanaoililia nafasi yake. Saa sita msimamizi akashuka mwenyewe na kalamu, ufunguo akauacha ukining'inia mlangoni. Mlinzi akapita, akaufunga mlango kama alivyozoea, huyo akaenda zake kula.

Waliokuwa ndani waligonga mpaka viganja vikawaka moto, lakini mashine zilinguruma na simu hazikushika mtandao huko chini. Msimamizi alivua koti, akavua tai, mwisho akaketi sakafuni.

"Mnavumiliaje humu?" aliuliza, koo limemkauka.

"Tumesaini, bosi," Mama Pasi akajibu.

Mlinzi aliporudi baada ya saa nzima, msimamizi alitoka bila kuaga. Mama Pasi alibaki akiutazama mlango, akitumaini. Ulifungwa. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, basi akasaini.

Tangu siku hiyo, karatasi za kusaini hupitishwa chini ya mlango.