Sindano Isiyoharakishwa

Shangazi yangu ndiye aliyenilea kijijini Kishanda baada ya mama kufariki. Asubuhi moja jirani yake alinipigia simu: shangazi ametapika kitu cheusi kama mabaki ya kahawa na hawezi kusimama. Tukamleta hospitali mjini Bukoba, karibu na ninapoishi.

Daktari alisema tumboni kuna kidonda kinachovuja damu. Kwa kuwa kila alichomeza alikitapika, dawa ya kupunguza asidi angepewa kwenye mshipa. Shangazi aliridhika. Kwake vidonge ni vya mafua. Ugonjwa wa kweli unataka sindano.

Muuguzi, binti aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alimuuliza kwanza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na kama anatumia nyingine yoyote.

"Hakuna," akajibu.

Binti akaanza kuisukuma dawa taratibu sana, akimtazama usoni.

"Mwanangu, sukuma basi iishe."

"Hii haiharakishwi, bibi. Mkono ukichoma, au ukisikia kizunguzungu, niambie hapo hapo."

Sijui kama ni ule upole uliomlegeza. Shangazi alinigeukia, akaanza kusema kwa Kihaya, ambacho muuguzi hakukielewa. Kumbe kila siku kabla ya kwenda kibanjani kupalilia migomba humeza vidonge vya maumivu vya dukani, kwa ajili ya mgongo. Mgongo ukikaza, huongeza.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi naona aibu."

Nikamwambia. Muuguzi hakufoka. "Asante, bibi. Huenda ndivyo vilivyolichubua tumbo. Usivimeze tena. Ngoja nimweleze daktari."

Alipotoka nilimuuliza shangazi kwa nini alinificha.

"Ningekwambia, ungeniletea kibarua wa kupalilia. Halafu mimi nifanye nini?"



Damu ilikoma. Alipoanza kunywa uji bila kutapika, daktari alisimamisha sindano na kumwandikia vidonge. Shangazi akagoma. Alitaka tununue zile chupa za dawa ya sindano, kuna mtu kijijini anajua kuchoma.

"Bibi, hii haichomwi nyumbani," daktari akamwambia. "Tumbo lako sasa linapokea chakula. Kidonge kitafanya kazi ileile."

Alikubali kwa shingo upande. Alivimeza kama alivyoelekezwa, kabla ya chakula, mpaka vikaisha. Aliporudi kupimwa, kidonda kilikuwa kinapona. Kwa ajili ya mgongo akapewa mazoezi na dawa ya kupaka. Kibarua tulimtafuta pia. Wanagombana kila wiki.

Siku hizi nikimpigia simu ananiambia, "Waitu, mwanangu, leo mgongo umeniuma kweli." Miaka yote ile hakuwahi kunitamkia neno hilo. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia kumpa ushauri. Sasa namwacha aseme, mpaka amalize.