Pakanga ya Kuachishia Ziwa

Mama mkwe alifika kwangu Mwankoko Jumamosi asubuhi, akitokea Issuna, na kabla hajaketi alifungua kifurushi cha kanga juu ya meza. Ndani kulikuwa na matawi ya pakanga. Majani yake ya kijivu yalikuwa yameanza kunyauka, na harufu yake kali ikajaa sebule nzima. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza mtoto yuko wapi. Nikajua amekuja vitani.

Wiki moja kabla, mume wangu, aliyekuwa kazini Dodoma, alimwambia mama yake kwa simu kwamba nina mimba changa. Binti yangu alikuwa na miezi tisa na bado ananyonya. Kwa mama mkwe hilo lilikuwa janga. Kwake yeye, na kwa wanawake wengi niliowakuta huku nilikoolewa, maziwa ya mwenye mimba humbemenda mtoto: anakonda, anaharisha, nywele zinabadilika rangi, na mwisho wake kila mtu anaujua. Kwa hiyo mama anatakiwa aachishe ziwa siku ileile anapojigundua ana mimba. Pakanga inatwangwa, inachujwa, inapakwa kwenye chuchu, na mtoto akionja uchungu mara mbili tatu anakata tamaa mwenyewe.

Mimi ni mkaidi, nakiri mapema ili msomaji asipoteze muda kunionea huruma. Na pakanga naijua kuliko mama mkwe alivyodhani. Nilizaliwa Iramba, baba yangu alikuwa mwinjilisti, na kila alipotaka kututisha alikimbilia kwa manabii na Ufunuo: watu wenye shingo ngumu kulishwa pakanga, nyota kuanguka juu ya mito na maji kuwa machungu. Nilikua nikidhani ni kitu kinachohifadhiwa mbinguni kwa ajili ya kuadhibia watu. Kisha siku moja nikauona mmea wenyewe umeota nyuma ya choo cha jirani, na mbuzi amefungwa kwenye shina lake. Tangu hapo haikunitisha tena.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Utemini. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu huniandikia mashairi ya mapenzi, na kila aliyeachwa moyo wake umegeuka pakanga. Mwaka mmoja niliuliza darasa zima nani amewahi kuionja. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kesho yake nikaja na tawi, nikamgawia kila mmoja jani moja atafune. Walitema madirishani hadi mwalimu mkuu akaniita nikajieleze. Sikuomba radhi. Mashairi yaliyofuata yalikuwa na pakanga kidogo na ukweli mwingi zaidi.

Hata kama dawa, mimi na mama mkwe tulikuwa tumeshagombana juu yake. Yeye aliichemsha kwa tumbo, kwa minyoo, kwa homa. Tumbo nilimwachia. Lakini binti yangu alipopata homa akiwa na miezi sita, nilisema tukapime kwanza. Akanijibu kwamba amelea watoto sita bila kupima chochote. Nikambeba mtoto nikaenda peke yangu.

Jumamosi ile, hata hivyo, niliogopa. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameniambia niendelee kunyonyesha, ilimradi nile vizuri na mtoto apate uji na chakula kingine, na akanionya nisinywe pakanga maadamu ni mjamzito. Maneno yake niliyaamini mchana. Usiku niliwaza zile nywele zinazobadilika rangi. Nilimpigia mume wangu, akasema nifanye anavyotaka mama ili pawe na amani. Nikamuuliza amani ya nani. Akasema mtandao unasumbua.

Jumapili baada ya ibada nilikubali. Naliandika hili kwa aibu. Mama mkwe alitwanga, akachuja kwa kitambaa, akanipaka kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, mfano wa mtu anayefunga kidonda. Kisha akaniwekea mtoto mapajani.

Binti yangu alinyonya mara moja, akaacha. Akakunja uso, akaniangalia. Hakupiga kelele. Akarudi akanyonya tena, midomo inatetemeka, machozi yanamshuka, akiunyonya ule uchungu kwa sababu ulikuwa unatoka kwangu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Niliinuka naye, nikaingia bafuni, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikaniwasha. Nikamnyonyesha hukohuko, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilipotoka nikamwambia mama mkwe kwamba sipaki tena.

Siku tatu zilizofuata hakula chakula changu. Alijichemshia viazi vyake kwenye jiko la mkaa uani, akala akiwa amenipa mgongo. Akina mama wa jirani wakaanza kumiminika, mmoja akitoka mwingine anaingia, kila mmoja na habari ya mtoto fulani aliyebemendwa. Mmoja wao, ambaye pale kanisani tunakaa benchi moja, aliniambia kusoma sana kumenikausha moyo. Nikafungua vifungo, nikamtoa mtoto kwenye mkeka, nikamnyonyesha mbele yake hadi akaaga. Tangu hapo kila aliyekuja kunishauri alimkuta mtoto yuko kwenye ziwa. Nilikuwa nasubiri hatua zao mlangoni, na nasema kweli, nilifurahia.

Jumatano mchana nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama mkwe anatwanga tena. Kikombe kilikuwa tayari kimejaa maji ya kijani. Nilikichukua, nikatoka nacho, nikamwaga yote mchangani, mbele ya macho yake. Nilitegemea matusi. Badala yake alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akaongea bila kuniangalia.

"Kabla ya mumeo nilikuwa na mwingine. Wa kike. Mimba ya mumeo ilipoingia, pakanga haikuwepo karibu, nikaitafuta siku nne. Siku zote hizo mtoto akaendelea kunyonya."

Alisema kwamba baada ya kumwachisha, mtoto alianza kuharisha, na mvua za mwaka ule hazikuisha kabla hawajamzika. Alisema hajawahi kumwambia mumewe kuhusu zile siku nne.

"Nilichelewa," akasema. "Mimi ndiye niliyemuua."

Mkwe mwenye adabu angenyamaza, angemshika mkono, angelia naye. Nilimwonea huruma. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi, hasira juu ya miaka yote ile aliyotembea na kesi ambayo hakuna aliyemsikilizia.

"Hukumuua, mama," nilisema. "Maziwa yako hayakumuua. Walikudanganya."

"Nani alinidanganya? Mama yangu?"

"Hata kama ni mama yako."

Kwetu hakuna anayemwambia mama mkwe neno kama hilo juu ya mama yake aliye kaburini. Nililisema, na ningelisema tena. Kulikuwa na jingine ningeweza kuongeza, kwamba huenda yale maziwa ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia yule mtoto. Hilo nililimeza. Naliandika leo kwa sababu hayupo tena wa kuumizwa nalo.

Alianza kusema Kinyaturu, kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Mimi Kinyaturu nasikia nusu tu, na sijui hata leo kama nilikuwa nalaaniwa au la. Niliketi naye kizingitini, mtoto akiwa kati yetu anachezea mchi, hadi alipoinuka akaenda kulala bila kuaga. Nilidhani asubuhi nitakuta amefunga mizigo arudi Issuna.

Asubuhi alinigongea mlango. Alikuwa ameshika bakuli kubwa la uji wa ulezi, mzito, wenye karanga. Nilimwamkia. Akaitikia, akanipa bakuli, akasimama pale akinitazama ninavyokunywa. Nilipofika nusu nikataka kuliweka chini, akalisukuma lirudi mdomoni kwangu.

"Maliza," akasema. "Mko watatu."