Mwambie Mkeo Nimesikia

Ukitaka kuujua ukoo nilioolewa, jua kwanza kwamba walikaa kikao cha nusu siku nzima kujadili kama sauti inayotoka kwenye boksi ni mtu au si mtu.

Mimi ni Mhehe wa Iringa. Kwetu salamu haziishi. Mtu akikupita njiani bila kusema kamwene, ama ana ugomvi na wewe ama ana homa. Nikaolewa na Mnyakyusa, tena kwenye familia ambayo mkamwana na baba mkwe hawasemeshani wala hawatazamani. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mkamwana ndiye anayeingia majanini kusubiri mzee apite. Wanyakyusa wengi siku hizi wameachana na mambo hayo, wanakula na wakwe zao meza moja na kutaniana. Mama mkwe wangu hakuacha. Alishikilia kila alichokuja nacho kutoka Rungwe, ikiwemo migomba, ambayo kwa baridi ya Mufindi haijawahi kuzaa hata siku moja. Kwa miaka yote hiyo, baba mkwe nilimjua kwa mgongo, kofia na kikohozi.

Tunakaa juu ya kilima, pembeni kidogo ya Nyololo. Ukisimama uani unaliona bonde lote, na katikati ya bonde kuna shamba la paini la mzee, na chini yake vinyungu, zile bustani za kiangazi kwenye majimaji. Alistaafu kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, na kila alichopata akakipanda kule. Miti ilikuwa imekaribia kuvunwa. Kila kiangazi, watu wanapochoma mashamba yao, mzee alihamia kwenye kibanda katikati ya miti ili kuilinda na moto. Wazo zuri, ila mtu akiwa katikati ya miti anaona miti. Moto ukianzia nyuma ya kilima cha pili, angeuona ukiwa umeshabisha hodi. Sisi huku juu tungeuona mapema, lakini mtandao wa simu haufiki bondeni. Kiangazi kilichotangulia, jirani yake kule chini aliunguliwa na shamba lote, na ilibaki kidogo aungue nalo.

Hapo ndipo mzee alipoleta redio koli. Zilikuwa zile ndogo za kwenye malori, mnakaa wote kwenye chaneli moja, mmoja akibonyeza kitufe wengine wananyamaza. Alizipata Mafinga kwa mtu anayevunja malori mabovu, akahangaikia kibali mpaka viatu vikaisha soli, akaja nazo amezifunga kwenye shuka la kujifunikia. Moja ya kibandani kwake, moja ya lori la mume wangu, moja ya nyumbani.

Siku ya kufunga ya nyumbani ndiyo niliyoanza kuiona shida inakuja. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi, anafunga antena kwenye nguzo ya mlingoti. Mimi niko uani, kwa hiyo mzee hakuweza kuja uani. Alisimama nyuma ya nyumba, akaelekeza kazi yote kwa sauti, bila kuiona. Antena ilikuwa ndefu mno, ikabidi ikatwe ncha kidogo, ipimwe, ikatwe tena, mpaka mshale kwenye kidude cha kupimia ulale. Mshale nauona mimi. Namwambia mume wangu, mume wangu anaipaza kwa nyuma ya nyumba, nyuma ya nyumba inajibu, "Kata tena." Kisha ukaja utaratibu. Usibonyeze kabla waya wa antena haujachomekwa, utaunguza redio. Ukimaliza kusema, sema ova, mwenzio ajue ni zamu yake. Mzee alirudia maonyo hayo kwa ukali mkubwa, akimwambia mume wangu, dereva, ambaye alikuwa anayajua tangu zamani.

Mshona nguo ni mimi, na cherehani yangu iko barazani, inatazama bonde. Kwa maneno mengine, macho ya kuuona moto yalikuwa yangu na masikio ya kuambiwa yalikuwa yake. Kati ya watu wote duniani, mzee alikuwa amejenga kituo cha mawasiliano kati ya wawili ambao hawaruhusiwi kuwasiliana.

Ndiyo kikafanyika kikao. Shemeji wakaja, chai ikanywewa. Mmoja akatoa hoja kwamba katazo ni la kuonana, na kwenye redio hakuna kuonana. Nikadhani imekwisha. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Ukipita chooni ukasikia mtu anakohoa," alisema, "utasema hamna mtu?"

Hoja ikafa pale pale. Sauti ni mtu. Ikaamuliwa nitaongea na mume wangu, naye ataongea na baba yake. Akiwa safari za mbali, Mbeya au zaidi, ambako redio ya lori haishiki, mama atanisaidia.

Basi tukawa tunaendesha redio kama kanisani siku anapohubiri mgeni na mkalimani wake, tofauti ni kwamba hapa wote tulijua lugha. Nabonyeza: "Mume wangu, mwambie baba unga wake uko tayari, ova." Mzee, aliyesikia kila neno, ananyamaza anasubiri. Mume wangu, yuko barabarani na shehena ya mbao, anarudia: "Baba, unga wako uko tayari, ova." Ndipo mzee anaposhangaa: "Ahaa, unga uko tayari? Mwambie mkeo nimesikia, ova." Na mimi nasubiri nishangae zamu yangu. Mama mkwe alikuwa mkalimani mgumu zaidi, maana alikuwa anasema kwanza, halafu ndiyo anabonyeza. Mzee akawa anapokea ova tupu. Yeye mwenyewe ile ova ilimkaa vibaya; aliporudi nyumbani Jumapili nilimsikia kupitia ukuta anamalizia sala ya chakula, amina, ova.

Nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa na hasira pia. Niliona watu wazima tunacheza, na moto hauchezi.

Moto ulikuja siku mama mkwe alipokwenda msibani Rungwe. Mume wangu ndiye aliyempeleka, na lori lilikuwa limeshafika Mbeya. Nilikuwa napima kola ya sare ya kwaya nilipoona moshi nyuma ya kilima cha pili, mweusi, mnene, na upepo unausukuma kuja bondeni. Nikapiga kelele kwa majirani, wakaanza kukimbia na mapanga na matawi. Lakini mpaka wafike chini, moto ungekuwa umeshafika.

Nikaishika redio. Kidole kipo kwenye kitufe, mdomo umegoma. Usinicheke, ukikaa na kitu miaka yote hiyo, kinakuingia hata kama unakidharau. Nilimwogopa yule mzee kuliko moto. Kisha kikanijia cha kusema.

"Mume wangu," nikasema, "mwambie baba moto umetoka nyuma ya kilima, unashuka kwake, ova."

Mume wangu alikuwa mbali kule anatafuta pa kuegesha lori. Mzee alilijua hilo, maana kabla ya safari mwanawe alimuaga kwa redio hiyo hiyo. Redio ikakwaruza kidogo.

"Mwanangu, muulize mkeo umeshika upande gani, ova."

"Mume wangu, mwambie upande wa kulia kwake na nyuma. Kushoto bado kweupe. Ashukie vinyunguni sasa hivi, kwenye maji, ova."

"Mwanangu, mwambie mkeo nina panga na nina mikono. Nafyeka njia ya kuzuia moto hapa nyuma. Miti hii naijua mmoja mmoja, ova."

Nikaona ulimi wa moto unatokeza juu ya vilele vya paini. Woga ukanitoka wote, ikabaki hasira.

"Mume wangu," nikasema, "mwambie baba yako asijifanye mti. Miti tutapanda tena. Yeye hatuna mbegu yake. Ova."

Nikaachia kitufe, redio ikawa inakwaruza tu. Nikajua nimevunja kila kitu, na pengine sina hata wa kunigombeza tena.

"Mwanangu, mwambie mkeo nimesikia. Nashuka. Ova."

Majirani walimkuta amesimama kwenye matope ya vinyungu, maji magotini, redio na betri yake ameviweka kichwani. Nusu ya shamba iliungua. Kibanda kiliungua pia. Alipopandishwa kilimani nilisikia kikohozi, nikaingia majanini kama inavyotakiwa, nikaangalia upande mwingine mpaka akapita, na huko majanini nililia mpaka kitenge kikalowa.

Mume wangu na mama waliporudi, mzee alikuwa ameshasimamisha kibanda kingine, analinda nusu iliyobaki. Jioni hiyo redio ikakwaruza. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Mume wangu akaikimbilia.

"Mwanangu," ikasema redio.

"Naam, baba. Nipo nyumbani, nakupata vizuri, ova."

"Si wewe. Namtafuta yule aliyekuwa Mbeya siku ya moto, ova."

Mume wangu akanitazama, akamtazama mama yake. Nikakumbuka kikombe kilivyowekwa chini kwenye kikao. Mama mkwe hakuinua kichwa kwenye maharage.

"Nenda kaangalie matairi ya lori lako," alimwambia.

Akatoka. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Mume wangu, mwambie baba nipo, ova."

"Mwanangu," ikasema sauti, "mwambie mkeo, ndaga fijo, ahsante sana."

Niliweka kidole karibu na kitufe, nikasubiri zamu yangu. Hakusema ova.