Kamba ya Nzau na Majoho ya Kwari

Nzau aliniita mwizi mwaka wa tisini mbele ya kanisa zima, na hata hakupandisha sauti. Alikunjua ramani tu.

Huyu Nzau ni jirani yangu hapa Umoja, karani wa serikali, suti moja ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Kazi yake ni bahari. Mtu wa Kitui, bahari hajawahi kuiona hata kwa dirisha ya basi, lakini ofisi yao ndiyo inapanga kupima bahari inaenda chini kiasi gani, ndio meli zisipande mawe. Kupanga, nimesema. Kupima, bado. Kila mwaka kabla ya bajeti Nzau anaandika barua ya kuomba pesa ya mashua na vyombo: ramani tulizonazo ni za wakati wa mzungu, zimezeeka, haziaminiki. Kila mwaka barua inarudi: ngojeni. Anabadilisha tarehe, anapeleka tena. Watoto wake wamezaliwa wakaota meno juu ya hiyo barua moja.

Sasa mwaka huo wa tisini mifereji ya nyumbani ilikauka, nikapeleka majoho ya kwaya ya kanisa kufua Njiru, kwa kwari, ile shimo walitoa mawe ikajaa maji. Majoho kumi na nane, zambarau. Vifungo nilishona mimi, za shaba, nilitoa kwa makoti ya reli ya marehemu bwanangu. Karai ikateleza kwa jiwe. Nikaona mapovu matatu, basi.

Jumapili nikaeleza. Nzau, kwa sababu ni mzee wa kanisa, akasimama.

"Mama Mbinya, ramani ya serikali inasema hiyo kwari ni futi sita. Karai kwa futi sita ingeonekana."

"Ingia basi uione!"

"Mimi sisemi umeuza, mama. Mimi nasoma ramani."

Hakusema nimeuza! Lakini kutoka siku hiyo hata vikombe vya chai ya kanisa sikupewa nioshe. Nikivaa leso mpya, Anyango, yule mwalimu wa kwaya, anainama kuangalia pindo. "Hiyo si zambarau, mama?" Miaka sita. Na Nzau ofisini analia ramani za mzungu zinadanganya, kanisani anaziapia kama Biblia.

Kifungo kimoja kilibaki nyumbani. Nikakishona kwa sweta yangu, hapa kifuani, na kila Jumapili nilivaa hiyo sweta, hata jua ikiwaka, nikakaa mbele ya Nzau.

Mwaka wa tisini na sita mkubwa wa kupitisha pesa, Bwana Wehliye, akauliza: mnataka kupima nini na ramani iko? Nionyesheni hiyo kupima. Nauli ya Mombasa hakuna. Nzau akawaza maji ya karibu, akamleta kwari. Mimi nilikuwa hapo nafua. Ningeenda wapi? Umoja mifereji ilikuwa inakohoa tu.

Nzau alikuwa na kamba ndefu, mwisho imefungwa chuma kizito. "Kila fundo ni futi sita," akasema. "Chini ya chuma tunapaka mafuta. Ikigusa chini inarudi na mchanga ama matope, tunajua huko kuna nini." Mafuta yenyewe ni Kimbo ya kupikia, ya bibi yake Ndete.

"Na hapa ramani inasema?"

"Fundo moja, bwana."

"Angusha hapa," nikasema, kando ya jiwe langu.

"Mama, tafadhali, tuko kazini."

"Angusha mahali mama anasema," Wehliye akasema. "Yote si maji?"

Fundo moja ikaenda. Mbili. Tatu. Kwa ya tano Nzau akaanza kupumulia mdomo. Ya saba ndio kamba ililegea. Wakavuta: matope.

"Tena," nikasema.

Matope.

"Tena!"

Mara ya tatu kwa hiyo Kimbo kulikuwa na kifungo cha shaba, na uzi wa zambarau umening'inia. Nikasogea, nikaweka kifua changu hapo kando. Mapacha.

Wehliye akaangalia ramani, akaangalia kamba. "Imekosea futi thelathini na sita mahali mama anafua nguo. Huko meli zinapita, je?" Akaitisha ile barua, akamgeuza Nzau, akaiweka mgongoni kwake kama meza, akaandika: ofisi ipewe pesa.

Nzau machozi yakamtoka. "Asante sana, Mama Mbinya."

"Asante utasema Jumapili."

Jumapili akaleta karatasi. "Imebainika ya kwamba, kufuatia vipimo vipya..."

"Weka karatasi chini! Nani hakuiba?"

"Mama Mbinya hakuiba majoho. Mimi ndiye nilikosea."

"Wale wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Anyango akaanza kupiga makofi. Nikamwambia aketi, zamu yake inakuja.