Siku Niliyolisikia Neno Kunyanyapaa

Sie tuliokulia Mtoni miaka ile ya ruksa, mitumba na redio kaseti zilipofurika kila kona, hatukujua kula peke yetu. Tulicheza rede mpaka vumbi linaingia masikioni, kipande kimoja cha muwa kinazunguka vinywa vitano, na jirani akiwa na shughuli unanawa mkono mmoja tu, mbio kwenye sinia. Watoto wa leo, kila mmoja na chupa yake ya maji yenye jina, wangezimia.

Rafiki yangu alikuwa Mwanaidi. Mama yake aliugua, akakonda, na mtaa ukaanza kunong'ona: "Kakanyaga miwaya yule." Ndivyo walivyouita ukimwi.

Ikafika akika ya mjukuu wa Mama Zuhura, jirani yetu. Tumeshalizunguka sinia la pilau, Mama Zuhura akamshika Mwanaidi mkono, akamwinua mbele za watu. "Wewe njoo huku, mwanangu." Akamtilia pilau kwenye kopo tupu la maziwa, akamkalisha kando ya banda la kuku. Alimwita mwanangu! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mama yangu alikuwa anapakua. Akautupa mwiko.

"Mnamnyanyapaa mtoto wa watu?"

"Nawalinda wajukuu zangu, shoga."

"Kwa pilau?"

Mama akaenda kuketi mavumbini pale bandani, akatia mkono kwenye kopo lile, wakala pamoja. Wanawake wazima, wacha Mungu, wakatazama masinia yao.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza maana ya neno lile.

"Ni kumwona mwenzio kinyaa," alisema, "naye anakuona unavyomwona."

Mama Mwanaidi alipofariki, Mama Zuhura ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote. Mwanaidi akachukuliwa na shangazi yake, Kigamboni.

Enzi zetu neno lilikuwa adimu, kitendo tele. Leo limechapwa kwenye fulana za semina, na kijana akinyimwa chipsi anadeka, "Braza, usininyanyapae." Hasira zinanipanda. Hajui anachokitamka.

Idi iliyopita Mwanaidi alikuja kwangu na wanawe. Sinia limewekwa, wote wameketi. Yeye, mama mtu mzima, kasimama mlangoni, akaniuliza polepole, "Mie nikae wapi?"