Gasketi ya Pikapu ya Baba

Mimi ndiye niliyegundua kwamba pikapu ya baba inakunywa maji. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu nyumbani kwetu Ngokolo hakuna anayelikumbuka, na nimechoka kuwakumbusha.

Ilikuwa ikiwashwa asubuhi inakohoa, inatoa moshi mweupe, halafu mngurumo wake unapanda na kushuka ingawa imesimama tu uani. Kila siku baba alikuwa anaongeza karibu lita nzima ya maji kwenye rejeta, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Akakagua mipira, akakagua pampu ya maji, akatandika kadibodi chini ya injini ili aone yanadondokea wapi. Kadibodi ikabaki kavu. Asubuhi moja nikiwa natoka kwenda kazini nikainama kwenye boneti na gauni langu la kazini, nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja nikaiweka sikioni na nyingine nikaipitisha taratibu kando ya menifodi, pale injini inapovutia hewa. Karibu na silinda ya nyuma nikasikia inafyonza.

"Baba, ni gasketi ya menifodi," nikasema. "Imechoka. Inavuta hewa, na maji yanapita hapo hapo yanaingia ndani yanaungua. Ndiyo maana huoni tone."

"Tutaona," akasema baba.

Nazijua gasketi, karatasi ngumu zinazozibia pale vyuma viwili vinapokutana. Nauza vipuri katika duka la mzee mmoja wa Kihindi, duka lililofunguliwa na babu yake enzi za pamba kupakiwa kwenye mabehewa hapa Shinyanga, na mteja akinieleza tu jinsi gari linavyolia namtajia kifaa. Lakini hata kabla ya duka nilikuwa nimekulia chini ya pikapu hiyo. Kwetu tulizaliwa wasichana wawili, na mdogo wangu alikuwa akiona grisi anakimbia. Mimi ndiye niliyekuwa nampa baba spana. Alikuwa ananyoosha mkono bila kutazama, na namba kumi na mbili inatua kiganjani hajaitaja. Nilipoachika na kurudi nyumbani na mwanangu, watu walinipokea kwa maneno ya pole yaliyojaa udaku. Baba hakusema pole. Alinipa tochi akasema nimmulikie difu chini ya pikapu.

Kwa hiyo alipokuja dukani Ijumaa ile kununua karatasi ya gasketi, moyo wangu ulicheza. Tajiri wangu, mwenye duka, alimwambia, "Mzee, gasketi ya gari lako siku hizi haiji. Chukua hii karatasi, kateni wenyewe." Baba akaikunja vizuri akaenda zake. Mimi nikaisikia ile "kateni" kana kwamba imesemwa kwangu. Nikaomba ruhusa ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilivaa dera kuukuu, nikajifunga kanga kichwani, nikatoka uani nimeshajikunja mikono. Nikamkuta shemeji yangu amezama ndani ya boneti hadi kiunoni, na baba amesimama pembeni ameshika spana zangu.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Alikuwa fundi wa makarasha huko machimbo ya Geita, mashine zile zinazosaga mawe ya dhahabu, mpaka alipooa na kuhamia mjini kwetu. Ni mrefu, mpole, hanywi, hagombani na mtu. Ningemchukia kwa raha zaidi kama angekuwa mlevi. Tangu aingie katika familia, baba alikuwa na mtu wa kumwita "mkwe wangu" mbele ya majirani, na neno hilo alilitamka kwa kulivuta, kama mtu anayeonja asali. Mimi sikuwa nimemletea mkwe aliyedumu. Huo ndio ukweli.

"Mwangaluka, shemeji," akanisalimu kwa Kisukuma chao cha Geita, akichomoa kichwa.

"Mwangaluka," nikajibu. Nikamgeukia baba. "Shikamoo baba. Nimekuja tufungue."

"Marahaba. Mkwe ameshaanza," akasema bila kunitazama. "Mayu, tuletee chai."

Mayu ni "mama" kwa Kisukuma. Baba huniita mimi hivyo tangu nikiwa mdogo, na siku zote hunifurahisha. Siku ile nililisikia kama vile ananifungia mlango jikoni.

Nikapika chai. Nikaipika vibaya makusudi, ikawa na tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Nikakaa na birika kwenye ngazi ya jikoni, hatua tano kutoka kwenye gari, nikawatazama.

Na alikuwa anajua kazi, lazima niseme. Alimwaga maji yote kwanza. Akatoa kabureta akaifunga kwenye mfuko, akalegeza nati za menifodi, akaivuta taratibu bila kutumia bisibisi kuichokonoa. Akaziba matundu ya injini kwa matambara safi, akakwangua gasketi ya zamani kwa wembe mpaka chuma kikang'aa. Ile gasketi ilikuwa imelainika na kuchanika upande wa silinda ya nyuma, mahali pale pale nilipopataja. Akamwonyesha baba. Baba akatikisa kichwa akasema, "Uliona mbali, mkwe."

Nilitaka kumwagia mtu chai.

Wakakata karatasi kwa namna yetu ya huku. Unailaza karatasi juu ya menifodi, unagonga pembeni polepole kwa nyundo ya duara, na ukingo wa chuma wenyewe unaikata, tundu baada ya tundu. Shemeji aligonga, baba akashikilia. Wote walikuwa wanatabasamu. Nilikumbuka kwamba siku niliyokata ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na baba aliibandika ukutani kwa siku kadhaa kabla ya kuifunga.

Ikafika wakati wa kukaza. Hapo lazima mtu aelewe jambo moja. Menifodi ni ndefu, na nati zake zimepangwa mstari. Ukikaza ya mwanzo kabisa mpaka mwisho ndipo uende ya pili, upande wa pili unanyanyuka kidogo, na gasketi hailali. Unaanza katikati, kidogo kidogo, unakwenda huku mara moja na kule mara moja, halafu unarudia. Hilo baba alinifundisha yeye mwenyewe, na aliwahi kunifungulisha nati zote nane kwa sababu nilianza pembeni.

Baba akamwomba mkwe ile spana. "Nipe, nimalizie mwenyewe." Akainama, akashika nati ya mbele kabisa, akaikaza mpaka ikalia. Akaenda ya pili. Akaikaza mpaka ikalia. Akaenda ya tatu.

Nilisimama na birika mkononi.

Shemeji alikuwa anamulika kwa simu. Alikohoa. Alifungua mdomo akaufunga. Kwetu mkwe hamkosoi baba wa mke wake. Hata kukaa naye benchi moja mpaka aombwe na aombwe tena, na akila hutengewa sahani yake pembeni. Amwambie mzee huyo, mbele ya gari lake, tena mbele ya binti yake, kwamba hajui kukaza nati? Angeweza kuhama mji kabla ya kulisema. Kwa hiyo akageuza shingo akanitazama mimi.

Mimi ni mtoto. Mimi ningeweza kusema, "Baba, anza katikati," na angetukana kidogo, angecheka, angelegeza. Yalikuwa maneno matatu. Niliyashika mdomoni, na wazo lililonijia lilikuwa jepesi na baya: ikivuja, itasemwa ni yeye. Nikamimina chai kwenye vikombe.

Injini iliwashwa ikatulia, ikanguruma sawasawa. Baba alimwita jirani aje asikilize. "Mkwe wangu ana mkono," akamwambia. Siku tatu nzima nilisikia habari za mkono huo, kwenye chakula, kwenye simu na shangazi, hata msikitini nasikia zilifika. Mdogo wangu alikuwa anapita uani ameinua kidevu. Nilimwona nikajisemea, ngoja.

Siku ya nne baba alipakia matimba, yale magogo wachimbaji wadogo wanayotumia kuzuia mashimo yasibomoke, akaondoka kwenda Geita. Safari hiyo alikuwa ameiendesha miaka mingi, na ndiyo iliyokuwa inamfanya aitwe dereva na asiitwe mzee tu. Nilimwona akitoka getini kinyumenyume na nikajua hali ya zile nati. Nilikuwa bado naweza kupiga kelele. Nikampungia mkono.

Alipiga simu mchana. Alikuwa mbele ya Kahama, kwenye vumbi, gari limechemka mpaka likazimika, limezungukwa na magogo aliyoyashusha. Pikapu ilirudi siku iliyofuata ikivutwa na lori, baba amekaa ndani anashika usukani wa gari lisilowaka, na watoto wa mtaa wakikimbia pembeni. Alishuka bila kusalimia mtu. Fundi wa karakana alipoifungua alisema nati za menifodi zilikazwa vibaya, gasketi ikaachia nyuma, maji yakaisha, na kichwa cha injini kimepinda kwa joto. Kingenyooshwa, ndiyo, lakini safari ndefu tena gari hilo lisahau.

Jioni ile ile tulikaa sebuleni: baba, mama, mdogo wangu, mimi. Shemeji alikaa karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, kama kawaida yake. Mama ndiye aliyeuliza. Alisema, "Lakini si ilitengenezwa juzi? Nani alizikaza hizo nati?"

Baba akatazama zulia. Mimi nikatazama mlango.

"Ni mimi, mama," akasema shemeji. "Nilikaza vibaya. Naomba mnisamehe."

Nasema bila kuficha: nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kunywa glasi ya maji. Halafu nikaona mdogo wangu anashuka mabega, yeye aliyekuwa ameinua kidevu siku zote hizo, na mumewe ameshika magoti yake kwa mikono miwili, na baba anasema bila kuinua macho kwenye zulia, "Basi. Yameisha." Na wivu wangu, badala ya kushiba, ukapata njaa mpya. Kumbe hata kubeba kosa amenizidi. Mimi mtoto wa kuzaliwa nilimwacha baba aende barabarani na gari bovu, na huyu wa kuja alikuwa anamfunika aibu yake kwa shuka lake mwenyewe. Nililala nimemchukia zaidi kuliko siku ya chai.

Kesho yake nilimfuata kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma.

"Mbona ulisema ni wewe?" nikamuuliza. Sikumsalimia.

"Ningesema ni nani, shemeji?" Hakukasirika. Alikuwa anapanga waya zake. "Na wewe uliona. Nilifikiri utasema. Wewe ni mtoto wake, wewe anakusikiliza."

Niliondoka bila kuaga. Nilipofika dukani nilimpa mteja plagi za gari lisilo lake.

Kichwa kiliponyooshwa na kurudishwa, baba aliniita mimi. Hakumwita mwingine. Aliweka menifodi juu ya meza uani, akaweka karatasi mpya pembeni, akaniwekea spana mkononi, na siku zote hizo hilo ndilo jambo moja nililokuwa nimelitaka. Halikuwa na ladha. Niligonga matundu mawili, la tatu likanishinda.

"Baba," nikasema. "Shemeji hakukaza zile nati. Ulikaza wewe. Ulianzia mbele. Nilikuona nikanyamaza."

"Najua kwamba ni mimi," akasema baba. "Nilijua gari lilipochemka, pale pale. Nikakumbuka nimezianza wapi." Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Kijana akabeba, nami kwa aibu nikamwachia. Nitamwambia mwenyewe. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka alaumiwe yeye."

"Amekukosea nini?"

"Ulimwita yeye. Mimi ndiye niliyegundua, mimi ndiye ninayejua, ukamwita yeye mimi ukaniambia nilete chai." Nilikuwa nalia sasa, mwanamke mzima na nyundo mkononi, na sikujali jirani yupi anachungulia.

Baba aliigeuza mikono yake, akaitazama juu na chini.

"Nimeanza kusahau," akasema. "Kabla hata ya mambo ya gasketi, niliacha nati mbili za gurudumu sijakaza, nikafika nazo Kahama. Sijamwambia mama yako. Mkono unafika mahali, unasimama, haujui kinachofuata. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kufungua, lakini mtu ambaye hata akiona nimekosea, hawezi kufungua mdomo. Sasa nani huyo, kama siyo mkwe?" Akapangusa vumbi kwenye menifodi kwa kiganja. "Wewe nilikukwepa, mayu. Wewe ungeniambia pale pale. Hilo nilikuwa na hakika nalo."