Nonie Hatatoka kwa Magurudumu

Tangu alfajiri Dympna Heneghan alikuwa akikata mikate, akiipaka siagi, akiitia nyama ya nguruwe na kuipanga kwenye kila sahani iliyokuwa nyumbani. Kila alipomaliza sahani moja alikwenda mlangoni kutazama barabara. Mlango ulikuwa wazi kabisa, maana nyumba yenye maiti haifungwi, na anayepita huingia bila kubisha. Hakupita mtu. Alipita mbwa, naye alichungulia ndani akaendelea na safari yake.

Sebuleni, mama mkwe wake Nonie alikuwa amelala kwenye jeneza lisilofunikwa, rozari mikononi, na uso ule ule wa mtu aliyeletewa chai ya baridi.

"Malachy, funga dirisha. Upepo unampiga mama."

"Unaogopa atapata mafua?" mumewe akauliza.

"Usinitanie leo. Tierney anakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Kasema atakuja na kile kigari chake."

Dympna akakaa kitako kwenye ngazi, kisu bado mkononi.

Aliingia nyumba hii kama bibi harusi, msichana wa dukani kutoka upande wa pili wa mlima, na tangu siku hiyo alitumia jiko moja na Nonie. Nonie alimfundisha kupika viazi, kisha akamfundisha tena, na hata mwezi uliopita alikuwa bado anamfundisha. Dympna alizaa wana wawili hapo. Aliwaombea walipopanda baiskeli, akawaombea walipopanda pikipiki, na walipopanda ndege kwenda Perth, mwisho wa dunia, kutafuta kazi aliomba mpaka padri akamwambia apumzike kidogo. Alikuwa mtu wa kuona shari kabla haijatoka nyumbani kwake. Akisikia gari la wagonjwa, alihesabu ndugu zake.

Lakini hili la leo halikuwa wasiwasi wa kujitungia. Pale kijijini Kilbrackan, maiti hutoka nyumbani mabegani mwa wanaume sita, ndugu na majirani, hadi kanisani. Malachy alikuwa mmoja. Kaka yake Cathal alikuwa wa pili, ingawa nyonga yake ililia kama bawaba ya mlango. Wale vijana wa Perth wasingewahi. Wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita hawakuonekana popote. Ndiyo maana Tierney, mwenye baa ambaye pia ndiye anayezika watu, alikuwa anakuja na kigari cha magurudumu wanachotumia mjini.

"Kina breki," alikuwa amemwambia Dympna kwa fahari.

Dympna hakutaka breki. Kusukumwa kama gunia la viazi mbele ya milango ya watu uliokua nao! Kijiji kizima kingeelewa maana yake: huyu hakuwa na watu. Na neno hilo lingebaki kwenye nyumba, juu ya wanawe, hata huko Perth lingewafikia.

Kusema kweli, Nonie alijitakia. Kwenye msiba wa baba yake Packie Durcan, alisimama mbele ya jeneza akatamka, watu wote wanasikia: "Leo amependeza kuliko siku zote, na angalau amenyamaza." Akina Durcan ni nusu ya parokia. Nusu nyingine imeoa kwao. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka kizingiti cha Nonie, na Packie mwenyewe, anayekaa ng'ambo tu ya barabara, akimwona Nonie alikuwa akimsalimia punda wa bibi huyo, si yeye.

Basi la watalii likasimama darajani.

Kilbrackan ni kijiji cha kupendeza. Kibao cha njiani kinasema hivyo. Majira ya joto wageni huja kupiga picha milango ya njano na ya buluu, na maua, na mwaka jana walipiga picha suruali za ndani za Malachy zikiwa kambani. Hawa walikuwa Wajerumani. Waliona nyumba ya kuezekwa nyasi, mlango wazi, harufu ya chai. Wakaingia kwa foleni, wakivua kofia, kama wanaoingia makumbusho.

Dympna hakuwauliza kitu. Msibani humuulizi mtu katoka wapi.

"Karibuni, asanteni kwa kuja," akasema, akaanza kumimina chai kabla hawajageuza nia.

Mama mmoja mnene, jina lake Gudrun, aliingia sebuleni na kikombe chake akainama juu ya jeneza.

"Wamemtengeneza vizuri sana huyu bibi," akamwambia Malachy. "Hata vindevu wamemwekea."

"Bahati yako hasikii," akasema Malachy.

Gudrun akanyoosha kidole, akagusa mkono wa Nonie. Kidole kikabaki pale pale.

"Detlef," akamwita mumewe polepole. "Detlef, huyu ni mtu."

"Alikuwa," Malachy akamrekebisha.

Gudrun alipiga yowe, kisha akaangua kilio. Mwanzoni kilikuwa kilio cha hofu tu. Lakini Dympna alipomkalisha na kumshika mkono, yule mama akamkumbuka mama yake mwenyewe, aliyefia hospitali yeye akiwa safarini, na sasa akalia kweli kweli.

Ng'ambo ya barabara, pazia la Philomena, mke wa Packie, lilitikisika. Lilikuwa limetikisika mchana kutwa. Haikupita muda akawa mlangoni na keki mkononi.

"Pole kwa msiba, Dympna mpenzi. Nilikuwa njiani kuja." Macho yake tayari yalikuwa sebuleni. "Nani yule anayelia hivyo?"

"Rafiki yake Nonie. Katoka Ujerumani."

"Ujerumani! Nonie hata mjini Galway hakufika!"

"Kwani mambo ya Nonie uliyajua yote, wewe?"

Dympna hakuwahi kudanganya mbele ya maiti, na alishangaa jinsi ilivyo rahisi. Philomena akatoka mbio bila kunywa chai. Muda si muda watu wakaanza kumiminika kwa njia ya mashambani, kwa njia ya kanisani, wengine bado na matope ya ng'ombe kwenye viatu, kila mmoja anataka kumwona huyo Mjerumani. Walimshika Nonie mkono kwa haraka, wakamshika Gudrun mkono kwa utaratibu. Sahani zikaanza kuisha.

Packie hakuingia. Alisimama uani, ameegemea ukuta, mikono mifukoni.

Tierney akafika, akateremsha kigari. Gurudumu moja lilipiga kelele kama nguruwe. Dympna akatazama kigari, akamtazama Packie, kisha akamgeukia Detlef, aliyekuwa mrefu kama nguzo ya simu.

"Bwana," akasema kwa sauti ya kufika ukutani, "mabega yako mazima?"

"Mabega?"

"Tumepungukiwa na wa kumbeba bibi. Wenyeji wana maumivu ya mgongo."

Detlef akavua koti, akalikunja vizuri. Dereva wa basi akavua la kwake. Malachy na Cathal wakajipanga.

"We Malachy!" Packie akaita. "Huyo anafanya nini hapo?"

"Anambeba mama."

"Mjerumani? Ambebe mtu wa Kilbrackan mbele yangu?"

"Kama unaona aibu, ingia ndani ule mkate," akasema Dympna.

Packie akatema mate, akatupa kofia. "Nyie akina Durcan, njooni hapa! Wewe mrefu, kaa pembeni, asante sana, rudi ukanywe chai. Na hilo dude la Tierney litupeni mtoni." Wakaja watatu, wakaja watano, wakasukumana kugombea pembe za jeneza kama watoto.

Wakainua. Upande wa Packie ukawa chini, kwa kuwa Packie ni mfupi, na Nonie akateleza ndani, kikasikika kishindo.

"Inua, Packie, unammwaga!" akafoka Cathal.

"Nimeinua! Huyu bibi mzito, alikuwa anakula nini?"

"Maneno ya watu," akasema Malachy. "Ya kwake hakuwahi kuyameza."

Packie akacheka hadi jeneza likatikisika.

"Jamani, mtamwangusha!" Dympna akawakimbilia kutoka nyuma, mikono juu tayari kudaka. Alikwenda hivyo hivyo hadi kanisani, mikono juu, na Wajerumani wote nyuma yake.